Masisi na Walikale: dawa ya mtoto wa kifafa ikikatika, nani anamfuata?

Kila vita ikipita Masisi ao Walikale, tunahesabu nyumba zilizoungua na watu waliokimbia. Kuna watoto ambao hawaingii katika hesabu hiyo: mwenye kifafa, mwenye kuchelewa kusema na kutembea, na yule ambaye tangu siku ya masasi amenyamaza kabisa. Hawana kidonda cha kuonyesha. Wakifika kituo cha afya, mara nyingi wanapimwa malaria, wanapewa vidonge na kurudi nyumbani.

Kwetu kituo cha afya kinaongozwa na muuguzi, IT kama tulivyozoea kumwita. Daktari yuko hospitali kubwa. Mtaalamu wa magonjwa ya akili ni wa kutafuta Goma, kwa mfano kwenye kituo cha Tulizo Letu kinachoongozwa na watawa wa Kikatoliki, na kutoka Pinga ao Walikale kufika pale si safari ya mama mwenye watoto wanne. Kwa hiyo matunzo ya watoto hawa yako mikononi mwa muuguzi, tupende tusipende. Shirika la Afya Duniani, OMS, linajua hivyo: tangu 2008 lina mpango wa mhGAP, unaofundisha wauguzi na madaktari wasio wataalamu namna ya kutunza magonjwa hayo.

Kazi ya kwanza ya muuguzi ni kuuliza vizuri. Mtoto alikaa akiwa na miezi mingapi? Alitembea lini? Alikuwa anasema mbele ya kukimbia, ao hakusema tangu mwanzo? Yule aliyekuwa anacheza na kusema, halafu akaanza kukojoa kitandani na kuamka usiku akilia kisha watu kukimbia, huyo anaonyesha woga wa vita. Anahitaji usalama, mazoea ya kila siku na mtu mzima wa kumsikiliza. Aliyechelewa tangu uchanga ni jambo lingine. Huenda alikosa pumzi siku ya kuzaliwa, ao alipata malaria ya kichwa ao mningiti. Huyo hakuna dawa ya kumrudisha nyuma, lakini muuguzi anaweza kumwonyesha mama namna ya kumkalisha, kumlisha bila kumpalia, kumzungumzia na kumchezesha. Siku ya kupima kilo ingetosha kuanza, kama kungekuwa na dakika kumi kwa kila mama. Kwenye foleni ya watu mia, haziko.

Kifafa ndicho kinachouma zaidi, kwa sababu dawa yake iko na ni ya bei ndogo. OMS inasema watu wapatao 70 kwa 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitunzwa vizuri. Vidonge vya phenobarbital ni vya zamani sana. Lakini ni vya kila siku, kwa miaka: kwa kawaida hawafikirii kuvisimamisha mpaka mtoto amalize angalau miaka miwili bila kuanguka. Tena vikikatika kwa ghafula, mtoto anaweza kuanguka mfululizo, na hiyo inaua.

Sasa weka hayo juu ya barabara zetu. Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre, halafu Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Tarehe 19 Machi ilikuwa Walikale-centre, kisha ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Dawa nyingi za Kivu Kaskazini zinapitia depo za Goma. Na phenobarbital iko chini ya udhibiti wa kimataifa, inaomba makaratasi. Si kitu cha kumpa motari aweke chini ya kiti. Msaada wa dharura unafika na vifaa vya majeraha, vya kolera, vya surua. Ni haki. Lakini mtoto wa kifafa hana dharura mpaka siku anapoanguka motoni.

Dawa ikikosekana, jirani anasema: «Mutoto amerogwa.» Familia inauza mbuzi, inaingia chumba cha maombi. Wazazi hao hawastahili kuchekwa: wanaenda mahali wanaposikilizwa. Kuomba na kumeza kidonge vinaweza kwenda pamoja. Kumfunga mtoto kamba ao kumfungisha chakula, hapana. Na mate ya mwenye kifafa hayaambukizi: akianguka mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usitie kijiko mdomoni.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu hapa Kongo. Kwa Masisi na Walikale, haki hiyo ingeanza na akiba ya miezi mitatu ya vidonge kwenye kila zoni ya afya, na karatasi moja mkononi mwa mama: jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuanza. Akikimbilia Minova ao Mubi, muuguzi wa huko aendelee palipoachwa.