Kikohozi cha Barazani



Karibu kila baraza la mitaa yetu lina mzee wake anayekohoa. Akishakohoa hupangusa mdomo, akasema, "Ni kikohozi cha sigara tu," na mazungumzo yakaendelea. Wiki hii twapenda tulitazame neno hilo "tu", kwani nyuma yake hujificha ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Mapafu yana mirija inayogawanyika mfano wa matawi, na mwisho wa matawi hayo mna vifuko vidogo mno vya hewa. Ndani ya mirija, vinywele visivyoonekana kwa macho hufagia vumbi na makohozi. Moshi wa tumbaku huvilemaza vinywele hivyo, huivimbisha mirija, na hatimaye huzibomoa kuta za vifuko. Hewa ikiingia, haitoki kwa wepesi. Mgonjwa hutweta akipanda ngazi. Baadaye hutweta hata akivaa kanzu. Wengi hudhani ni pumu, au ni uzee. Na kuta zilizobomoka hazijengeki tena.

Moshi huo huo ndio unaoleta saratani. Una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake zajulikana kusababisha saratani. Mvutaji ambaye njia zake za hewa zimekwisha kuziba yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu kuliko mvutaji mwenzake ambaye hazijaziba. Wala shisha si kimbilio: maji huupoza moshi, hayausafishi.

Tusiwasahau mama zetu. Wengi hawajagusa sigara maishani mwao, ila wamepikia kuni miaka na miaka katika jiko lisilo na dirisha. Nao hupatwa na maradhi haya.

Je, aliyevuta miaka 30 amekwisha kuchelewa? La. Akiacha, mapafu huharibika kwa kasi ndogo zaidi, na baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi takriban nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Anayeiweka sigara kando tangu alfajiri hadi magharibi, mwezi mzima wa Ramadhani, ameshatuonyesha kwamba anaweza. Kilichobaki ni usiku, na hapo ndipo anapohitaji msaada wa jamaa na wa daktari, si kebehi.

Basi, ukimsikia baba akikohoa zaidi ya wiki mbili, au akitoa damu, au akikonda bila sababu, usimpe asali ukanyamaza. Fuatana naye hospitali, apimwe kifua kikuu, kisha apulize pumzi katika chombo cha kupimia nguvu za mapafu. Pumzi ni amana, na amana hulindwa ingali mikononi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.