Tumemtetea Mpishi, Tumemsahau Mlaji

Kila mara mgambo wanapoingia mtaani kuvunja vibanda vya chakula, mjadala wetu hugawanyika pande mbili zilezile. Upande wa mamlaka husema usafi, mpangilio wa mji na sheria. Upande wa wanaharakati husema riziki, mikopo, na watoto wanaosomeshwa kwa sufuria ya wali. Nimeshiriki mijadala hiyo kwa miaka mingi, madarasani na kwenye makongamano, na siku zote nimesimama upande wa pili. Bado nimesimama hapo. Lakini nina neno na wenzangu: pande zote mbili humzungumzia mpishi, na hakuna unaomzungumzia mtu aliyeketi kwenye benchi akila.

Mtu huyo ni nani? Ni dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, karani wa mahakama, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mwanafunzi anayesubiri bumu. Kwa kila mama lishe mmoja kuna makumi ya watu wa namna hiyo. Tunapomtetea mpishi peke yake, tunakubali bila kujua kwamba kibanda ni suala la kipato tu, na kwamba mama akipewa mtaji wa kufuga kuku tatizo limekwisha. Halijakwisha. Waliokuwa wakila pale wamenyang'anywa kitu, na hakuna aliyewauliza.

Wamenyang'anywa raha. Ninalitaja neno hili kwa makusudi, kwa sababu najua linavyowakera wengi. Katika nchi yetu raha ya mnyonge huitwa anasa, na raha ya mwenye nacho huitwa uwekezaji. Hoteli ikifunguliwa, mkubwa hukata utepe na kuisifu sekta ya utalii. Benchi likiwekwa chini ya mwembe, afisa huandika notisi. Ilhali tendo ni moja: mtu ametoka kazini, ameketi, ameagiza anachokitaka, amekula pamoja na watu ambao si ndugu zake, amelipa, ameondoka. Ugali kwa dagaa wenye nazi, ndimu iliyokatwa vipande vinne, pilipili ya kuchagua, na ubishi juu ya Simba na Yanga usiokwisha. Ukiniuliza ni wapi katika miji yetu karani na kuli huketi bega kwa bega bila mmoja kumwita mwenzake mheshimiwa, nitakupeleka hapo. Sijui ukumbi mwingine wa umma tulionao unaofanya kazi hiyo kila siku, saa saba mchana, bila bajeti ya serikali.

Lugha yenyewe inatufundisha. Zamani wapishi hawa waliitwa mama ntilie, yaani "mama, nitilie". Hiyo ilikuwa sauti ya mlaji. Mwenye njaa na shilingi zake alisimama mbele ya sufuria akaamuru: nitilie huu, ongeza mchuzi, maharage yasiwe mengi. Baadaye jina lililokubalika ofisini likawa mama lishe. Ni jina la heshima, sina ugomvi nalo, na wanawake wengi wanalipenda. Hata hivyo, tazama kilichopotea. Anayesema "nitilie" ni raia anayechagua. Anayepewa lishe ni mtu wa kulishwa, kama mgonjwa wodini au mtoto wa chekechea. Sera zetu zote juu ya chakula cha wanyonge zimebaki kwenye kulisha, hazijafika kwenye kula.

Historia yetu katika jambo hili haipendezi. Mwaka 1983 tulitunga Sheria ya Nguvukazi, na kwa jina la sheria hiyo wachuuzi wadogo wa mijini walikamatwa kama wazururaji na kurudishwa vijijini, wakati mishahara ya watumishi ilikuwa haitoshi hata nusu ya mwezi na watu wanaishi kwa uchuuzi huohuo. Desemba 2018 upepo ukageuka: vikatolewa vitambulisho vya Sh 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka, na ikaagizwa wasibughudhiwe. Mwaka 2021 upepo ukageuka tena, wakaondolewa kando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo maalumu, ambako wengi walilalamika kwamba hakuna wateja. Siku hizi mama lishe hugawiwa mitungi ya gesi, kwa kuwa tuna mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini kibanda kikivunjwa, mtungi huo atauwasha wapi?

Najua nitajibiwa kwa kipindupindu. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Kipindupindu huenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Sasa tujiulize: ni nani mwenye wajibu wa kuleta bomba la maji, kuchimba mfereji, kujenga choo cha umma na kuzoa taka? Si mama mwenye ndoo mbili na beseni. Halmashauri humtoza ushuru, hushindwa kumpelekea maji, kisha humfungia kwa sababu hana maji. Anayekosa wajibu ndiye anayetoa adhabu. Afisa afya mwenye nia njema angemfundisha mpishi, angempima, angedai bomba kwa niaba yake kwenye kikao cha bajeti. Kuvunja hakujawahi kuua kimelea hata kimoja.

Yanayotokea mjini hutokea pia katika taasisi zetu za elimu. Katika chuo kimoja ninachokifahamu, wapishi wa nje ya geti waliondolewa na zabuni ikapewa mgahawa mmoja wa ndani. Sahani ikapanda bei. Mwanafunzi mwenye mkopo hupewa Sh 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/2023, na fedha hiyo ni ya chakula na malazi kwa pamoja. Anafanyaje? Hununua chipsi ndani ya mfuko, hurudi chumbani, hula peke yake kitandani huku akitazama simu. Kisha sisi wahadhiri hulalamika kwamba vijana hawajadiliani. Walikuwa wakijadiliana getini, mbele ya sahani za makande, na sisi tukalifuta darasa hilo kwenye ramani ya chuo.

Sikukuu ndizo hudhihirisha dharau hii waziwazi. Siku ya Idi au Krismasi, nyumba nyingi hupika pilau, na sahani zilizofunikwa kwa kawa huvuka uchochoro kwenda kwa jirani bila kuuliza dini yake. Jioni, pale Dar es Salaam, familia zenye nguo mpya humiminika Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga, mishikaki na madafu. Kwa wazazi wengi, hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mtoto huulizwa "unataka nini?" na jibu lake likanunuliwa. Swali hilo dogo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto asiyewahi kuulizwa anataka kula nini atajifunzia wapi kudai anachotaka kwa diwani wake?

Linganisha na futari za kumbi za hoteli. Kufuturisha ni ibada, na anayeifanya kwa siri ana thawabu zake. Ninayoisema mimi ni ile ya kamera: yatima wamepangwa mstari wa mbele, bango la mfadhili nyuma yao, mchele na mafuta vikikabidhiwa mara mbili ili mpiga picha apate pembe nzuri. Hapo mnyonge analishwa, na sharti la kulishwa ni kuonekana akishukuru. Kwenye kibanda hamshukuru mtu. Analipa, na akikuta mawe kwenye wali, analalamika.

Upo mfano wa kujifunza. Singapore iliwahamisha wachuuzi wa chakula kutoka mitaani kuanzia miaka ya 1970, na kazi hiyo ikakamilika katikati ya miaka ya 1980. Serikali ile haisifiki kwa upole. Lakini ilijenga vituo vyenye maji ya bomba, mifereji na sehemu za kutupa taka, karibu na makazi na masoko, mahali ambapo walaji walikuwepo tayari. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa vituo hivyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Wao walichukua miaka kumi na tano na mabomba. Sisi huchukua wiki mbili na greda.

Kwa hiyo nawaambia watumishi wa umma: ninyi mnaoandika notisi asubuhi ndio mnaovuka barabara mchana kutafuta wali samaki. Andikeni kwanza mahitaji ya maji na choo kwenye bajeti ya halmashauri yenu. Wanaharakati, mtakapokwenda tena kupinga bomoabomoa, nendeni na walaji, maana wao ni wengi na ni wapiga kura. Nanyi wanafunzi, zabuni ya mgahawa ijayo ikijadiliwa, dai kiti kwenye kamati na muulize bei ya sahani kabla ya saini. Haki ya kufanya kazi imo katika Ibara ya 22 ya Katiba yetu, na kwa hoja hiyo tumemtetea mpishi. Haki ya mnyonge kuketi mahali pa wazi, akaagiza, akala kwa raha zake, haijaandikwa popote. Itabidi tuidai wenyewe.