Ndege imechelewa, asiransi inakataa kulipa: haki ya msafiri wa Likasi na Shinkolobwe iko wapi?

Kutoka Shinkolobwe mpaka Likasi ni kilomita karibu 20. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu 120 tena. Lakini kwa makaratasi ya asiransi, safari ya Nairobi, Addis Ababa ao Dubai inaanza kuhesabiwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano tu. Yote yaliyompata msafiri mbele ya kufika pale, mvua, barabara, lori lililokwama, mara nyingi asiransi inayaona kuwa ni shida yake mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi unaanzia. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vikwembe kwenye soko la Likasi. Amekusanya feza ya likelemba, amenunua tikiti, na biro ya safari ikamwongezea asiransi juu ya bei. Ndege inachelewa, anakosa ile ya kuunganisha, analala usiku mbili kwa feza yake. Anaporudi anaandika kuomba alipwe. Jibu linakuja kwa mistari mitatu: «Ombi lako limekataliwa, tukio halifunikwe na kontra.» Wengi wanaishia hapo. Wanafikiri jibu lile ni hukumu.

Siyo hukumu. Ni maoni ya upande mmoja wa kontra. Upande wa pili nao uko na haki ya kujibu, lakini ajibu kwa makaratasi, maana hasira peke yake hailipwi.

Kwanza: ulinunua asiransi gani?

Dosie nyingi zinakufa kwa ulizo hili la kwanza. Anayeomba viza ya Schengen kwa kwenda Ubelgiji ao Ufaransa analazimishwa kuonyesha asiransi ya safari. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu viza inadai ifunike euro 30,000 angalau. Lakini inadai nini? Matunzo ya hospitali ya haraka, na kurudishwa nyumbani kwa mgonjwa ao maiti. Ndege kuchelewa haimo. Aliyenunua ile ya bei ya chini kabisa kwa kupata viza, anaweza kuwa na karatasi nzuri isiyo na hata neno moja juu ya kuchelewa.

Kwa hiyo, mbele ya kubishana, fungua kontra utafute mahali panapoitwa «retard» ao «départ manqué». Ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni ndege yenyewe kuchelewa. Cha pili ni wewe kukosa ndege iliyoondoka kwa saa yake. Ukiomba kwa jina lisilo lake, unakataliwa hata kama haki ulikuwa nayo.

Sababu ambazo asiransi inapenda kutoa

Sababu ya kwanza ni saa. Kontra nyingi hazihesabu kitu mpaka kuchelewa kufike saa fulani, mara nyingi kati ya 4 na 12. Hapa ugomvi uko juu ya namna ya kuhesabu: ni saa ya kuondoka ao ya kufika? Ndege ikichelewa saa 3 Lubumbashi, abiria akakosa ya kuunganisha Addis Ababa, anaweza kufika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa 20. Ikiwa kontra inasema «kuchelewa kufika», asiransi haiwezi kushika zile saa 3 peke yake.

Ya pili ni ushahidi. Asiransi inataka karatasi ya kampuni ya ndege inayosema ndege ilichelewa saa ngapi na kwa sababu gani. Karatasi hiyo inaombwa palepale kwenye uwanja. Ukiingoja miezi miwili, utaambiwa mfanyakazi aliyekuwa zamu hayuko tena.

Ya tatu ni «jambo lililojulikana mbele». Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa, na maelfu ya abiria wakakwama Nairobi. Tangazo la mgomo lilikuwa limetolewa mbele yake. Katika hali kama hiyo, aliyenunua asiransi kisha tangazo kusikika ni rahisi kukataliwa. Aliyenunua mbele yake iko na nguvu. Na Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta walisimamisha kazi kwa kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India. Mara zote, tarehe na saa iliyo kwenye risiti ya asiransi ndiyo inayoamua. Risiti hiyo isitupwe.

Ya nne ni vita. Karibu kila kontra ya safari inaondoa hasara inayotokana na vita. Wakaaji wa Goma wanalijua vizuri: mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, uwanja wa ndege ulifungwa. Aliyekuwa na tikiti ya siku zile akiomba asiransi imlipe hoteli, atapewa neno «vita», na mara nyingi asiransi itakuwa na haki. Lakini neno hilo halifute deni la kampuni ya ndege. Feza ya tikiti ya ndege ambayo haikuruka inadaiwa kwa aliyeiuza, siyo kwa asiransi. Ni milango miwili. Mmoja ukifungwa, mtu agonge wa pili.

Barabara mbele ya ndege

Kwa mkaaji wa Likasi, sababu ya tano ndiyo inayouma zaidi. Barabara ya taifa namba 1 inabeba malori ya madini mchana na usiku. Lori moja likianguka, njia inafungwa. Kontra nyingi zinakubali kulipa ndege iliyokosekana ikiwa msafiri alikuwa ndani ya «usafiri wa watu wote» wenye saa zinazojulikana, ama gari lake lilipata aksida ao kuharibika. Taksi iliyobeba watu watano kutoka Likasi inaingia wapi? Asiransi itasema siyo usafiri wa watu wote. Msafiri anaweza kujibu kwamba kwenye njia hii, taksi na basi ndogo ndizo usafiri wa watu wote, zinalipwa kwa kiti na kila mtu anaruhusiwa kupanda.

Jibu hilo linasimama likiwa na ushahidi: risiti ya peaji yenye saa, karatasi ya polisi wa barabara, picha ya foleni, ujumbe uliotumwa kwa simu siku ile. Asiransi itauliza tena: uliondoka saa ngapi? Mwenye ndege ya saa nane mchana aliyetoka Likasi saa tano, atashindwa. Aliyetoka usiku iko na neno la kusema.

Neno «nyuklia» kwenye kontra

Kuna kifungu kimoja ambacho mtu wa Shinkolobwe hawezi kukipita bila kusimama. Kontra za asiransi ulimwenguni kote zinaondoa hasara inayotokana na mionzi ya nyuklia. Uraniumu ya Shinkolobwe, iliyochimbwa na Union Minière, ndiyo iliyolisha kwa sehemu kubwa mpango wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kisha vita, biashara ya asiransi duniani iliogopa hatari hiyo na kuifungia mlango. Leo kifungu hicho kinamrudilia mkaaji wa mahali madini yalipotoka.

Je, asiransi inaweza kukitumia kwa sababu tu mtu anaishi ao anafanya kazi karibu na mugodi? Kifungu cha kuondoa kinafanya kazi pale tu hasara imeletwa na jambo lenyewe. Ndege ikichelewa kwa mvua ao kwa mgomo, mionzi haina mahali pa kuingia. Tena, kwa maneno yake ya kawaida, kifungu kinataja mafuta na takataka za nyuklia, siyo mawe yaliyo ndani ya ardhi.

Kitu kingine ni kazi. Mugodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na Julai ya mwaka ule ule ukaporomoka na kuua wachimbaji. Anayejaza fomu ya asiransi asidanganye juu ya kazi yake. Uongo kwenye fomu unaweza kuvunja kontra nzima, hata kama ndege ilichelewa kwa kosa la wengine.

Sheria iko upande gani?

Amri ya Julai 30, 1888 juu ya kontra, ambayo mpaka leo ni msingi wa sheria ya madeni Kongo, inasema kwa kifungu cha 33 kwamba kontra iliyofanywa vizuri ni sheria kwa walioifanya, na itimizwe kwa nia njema. Kifungu cha 197 kinasema anayedai deni alithibitishe, na anayesema hana deni tena naye athibitishe. Kwa lugha ya kila siku: msafiri aonyeshe kwamba ana kontra na kwamba alichelewa. Asiransi ikisema «hii imeondolewa», nayo ionyeshe kifungu gani, ukurasa gani, na kwa nini kinahusu tukio lile. Mistari mitatu haitoshi.

SONAS ilikuwa peke yake kwa miaka mingi. Sheria namba 15/005 ya Machi 17, 2015 ilifungulia soko kampuni zingine, na leo ARCA, yenye makao Kinshasa, ndiyo inayozisimamia na kulinda masilahi ya wateja. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwake. Lakini angalia jina lililo chini ya kontra: asiransi iliyonunuliwa kwa kampuni ya inje kupitia intaneti inafuata mara nyingi sheria na msimamizi wa inchi ile.

Upande wa ndege kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kongo, Kenya na Ethiopia ni wanachama. Kampuni ya ndege inajibu hasara ya kuchelewa kwa safari za kimataifa, isipokuwa ikithibitisha kwamba ilifanya yote yaliyowezekana. Tangu Desemba 28, 2024, mwisho wa deni hilo ni vipimo 6,303 vya feza ya IMF kwa msafiri, zaidi ya dola 8,000. Siyo zawadi: unalipwa hasara uliyoithibitisha. Mzigo uliochelewa unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu kuupokea, na kesi inafunguliwa ndani ya miaka miwili.

Kuandika upya

Barua ya kupinga iwe fupi. Iseme namba ya kontra, tarehe, saa ya kuondoka na ya kufika, kifungu ambacho asiransi inakishika, na kwa nini hakihusu. Iambatanishwe na karatasi ya kampuni ya ndege, risiti za hoteli na chakula, na iombe jibu kwa maandishi mbele ya tarehe inayotajwa. Nakala ibaki nyumbani, nyingine iende kwa biro ya safari iliyouza ile asiransi, kwa sababu nayo ilichukua sehemu yake ya feza.

Ukweli mmoja unabaki. Kwa dola 100, avoka wa Lubumbashi na safari za kwenda tribinali vinaweza kula zaidi ya deni lenyewe, na kampuni zinalijua. Lakini ndege moja ikichelewa, hachelewi mtu mmoja. Abiria kumi wa Likasi waliokuwa ndani wakiandika barua moja, wakiwa na karatasi moja ya uwanja, gharama inagawanyika kumi, na jibu la mistari mitatu linakuwa gumu kuliandika tena.