Daladala, hasira na hesabu ya tajiri

Mhariri,

Juzi asubuhi, Barabara ya Mandela, gari dogo liliichomekea daladala tuliyopanda pale Buguruni. Dereva wetu aliapa kutoliacha. Alilifukuza kwa honi na matusi hadi Tabata Relini, huku mama mwenye mtoto mgongoni akilia ashushwe. Konda anacheka.

Simtetei dereva, ila najua kinachomchemsha. Kaamka saa kumi alfajiri, joto na foleni vinamsubiri, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake ya siku kamili. Kila anayemchomekea anamwona mwizi wa mkate wake. (Wenye viyoyozi nao hutukana vilevile, sijui wanadaiwa hesabu na nani.)

Lakini hasira hiyo ni hatari: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukigeuza shingo sekunde mbili kumtukana mwenzako, umekwenda mita 28 bila kutazama, na mbele wanafunzi wanavuka.

Matajiri wapokee hesabu kulingana na siku ilivyokuwa. Nasi abiria tuache kupiga kelele za "mpite huyo!" Mimi siku ile nilinyamaza, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Abiria wa kila siku,
Dar es Salaam