Hadithi za Wakati wa Chai



Kila mfanyakazi wa reli ana hadithi. Wakati wa chai ndipo tusikiapo ni behewa lipi breki zake hazishiki vizuri, ni pointi ipi ngumu kugeuzwa usiku, ni nani aliyeambiwa atie sahihi karatasi bila kukagua. Twacheka, twatikisa vichwa, na saa ikifika twarudi kazini. Behewa lile nalo larudi kazini.

Twalisema hili kwa kuwa yako maafa ya reli yaliyojulikana na watu wengi kabla hayajatokea. Tarehe 5 Oktoba 1999, katika mji wa London, treni mbili ziligongana mahali paitwapo Ladbroke Grove, wakafa watu 31. Dreva mmoja alikuwa amepita taa nyekundu, ishara namba SN109. Uchunguzi ulionyesha kwamba tangu 1993 taa hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kupitwa mara 8. Ilikuwa vigumu kuiona, na madreva walijua. Lakini mara nyingi lawama ilimwangukia dreva, na taa ikabaki pale pale. Baada ya msiba ule, reli za Uingereza ziliingizwa katika mpango ulioanza Scotland mwaka 1996: mfanyakazi hueleza hatari aliyoiona, na jina lake halifiki kwa mwajiri.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Huko Igandu, mkoa wa Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila breki, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Sisi tunaotoka Nairobi kupitia Kibera, Dagoretti na Kikuyu hata Limuru, twapanda zaidi ya mita 500. Mlima twaujua.

Shauri letu ni kwamba kila tawi liwe na daftari, na hadithi ya chai iingie humo: tarehe, mahali, namba ya behewa, jambo lilivyokuwa, na mkubwa aliyearifiwa. Jina la aliyekosea lisiandikwe. Mtu akijua kwamba atachekwa, au atachongewa kwa mnyapara, atanyamaza, na mwenzake atakosea vile vile wiki ijayo. Wizi ni shauri jingine, una njia yake. Tena daftari lisiwe mahali pa kulipizana visasi. Mambo hayo twayajua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa, na yataka pawe na kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi. Mjumbe wetu akiingia katika kamati hiyo na maneno ya "watu wanasema", atarudishwa akalete ushahidi. Akiingia na kurasa tatu zenye tarehe, itabidi ajibiwe.

Wala hadithi zetu wenyewe zisiachwe. Habari za ada iliyokusanywa isifike benki husemwa zaidi ndani ya basi la Kangemi kuliko mkutanoni. Mweka hazina mwaminifu hana haja ya kuogopa swali liulizwalo mbele ya wote. Makhan Singh, aliyezuiliwa mbali kaskazini tangu 1950 hata 1961, alitunza karatasi za mikutano, na kwa kitabu chake cha 1969 twajua leo nani alisema nini, na lini, katika vyama vya mwanzo vya Nairobi. Alichosahau kila mtu, karatasi ilikumbuka.

Daftari la kwanza limekwisha nunuliwa, nalo litakaa kwa katibu wa tawi. Mkutano ujao utachagua watu wawili wa kulisoma kila mwezi. Twaomba mmoja wao awe mtu wa karakana, maana walioko ofisini hawaijui harufu ya breki iliyoungua.