Chuma Hakilii Chenyewe

Yako maneno mepesi kuyasema na mazito kuyabeba. Moja katika hayo nililisikia Tunduma, mkoani Songwe, jioni moja katika mgahawa ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Malori yalikuwa yamepanga safu, yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, na redio ya mgahawani ilikuwa ikitoa wimbo wa Don Williams. Madereva walikuwa wamenyamaza. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, aliufuata wimbo ule neno kwa neno. Ndipo mwenzangu, mfanyabiashara wa kwetu visiwani, alipocheka na kusema: "Watu wa bara hawa hawana muziki wao. Wanalililia gitaa la Wazungu, tena gitaa linalolia lenyewe."

Sikumjibu pale, kwani mgeni hagombi mezani. Namjibu hapa, kwa sababu maneno yake si yake peke yake. Ni maneno ya baraza zetu nyingi, na yamebeba makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la kutojua. Wengi wakisikia "gitaa la chuma" hudhani mwili wake ni wa chuma, au kwamba ni kinanda cha umeme kilichofundishwa kuiga kilio. La hasha. Chuma kinachotajwa ni kipande kizito kilicholainishwa, mfano wa mchi mdogo, kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto na kutelezeshwa juu ya nyuzi. Gitaa lenyewe halina hata umbo la gitaa: ni ubao mrefu uliolazwa juu ya miguu minne kama meza nyembamba, na aghalabu una nyuzi 10. Halina vile vijiti vinavyougawa mkono wa gitaa la kawaida. Pana mistari iliyochorwa tu, ya kuongoza jicho, na chuma kikikosea upana wa unywele sauti imeharibika.

Tena hilo ni la mkono mmoja. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi kwa kucha za bandia. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali, ambazo kwa kawaida ni 3 au zaidi, na kila moja huvuta nyuzi zake maalumu na kuzipandisha sauti. Magoti yote mawili husukuma vipini vilivyo chini ya ubao, ili kupandisha au kushusha nyuzi nyingine. Mguu wa kulia hukaa juu ya pedali ya kukuza na kufifiza mlio. Mikono miwili, miguu miwili, magoti mawili, na sikio la kuvihukumu vyote kwa wakati mmoja! Anayemwona mpigaji amekaa kitako akadhani amestarehe, basi na aseme kwamba fundi cherehani naye amestarehe.

Wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa tungo, na kwao nina swali. Je, vina na mizani humtungia mshairi? Mwenye kuamini kwamba pedali humpigia mpigaji, na aamini pia kwamba kila ajuaye kuhesabu mizani 16 za mshororo ameshakuwa malenga. Kanuni humpa fundi mahali pa kusimama, lakini haimsemei. Lugha yetu husema ngoma inalia, zumari linalia, gitaa linalia, lakini lugha hiyohiyo ina neno "kuliza". Chombo kikilia, yuko aliyekiliza. Katika santuri kadhaa za Don Williams aliyelileta lile tunaloliita kilio ni fundi Lloyd Green, na kumnyima jina lake kwa kusema "linalia lenyewe" ni dhuluma ileile tunayomfanyia mtunzi tunapouimba utenzi wake bila kumtaja.

Kosa la pili ni la nasaba. Husemwa kwamba chombo hiki ni cha wachunga ng'ombe wa Kizungu wa Marekani. Ukweli ni kwamba asili yake ni visiwani. Naam, visiwani kama kwetu! Kijana wa Hawaii, Joseph Kekuku, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kulilaza gitaa na kutelezesha chuma juu ya nyuzi, kabla karne ya 19 haijesha. Maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliueneza muziki wa Hawaii Marekani nzima. Pedali zilikuja baadaye, na sauti yake ilivuma mwaka 1954 Bud Isaacs alipoipiga katika wimbo wa Webb Pierce. Sisi tuliokulia mbele ya sinema za Kihindi tumelisikia gitaa la Kihawaii mara nyingi, wala hatukuliita la Kizungu.

Wamarekani weusi wa makanisa ya House of God wamekuwa wakilipigia ibada gitaa la chuma tangu miaka ya 1930, na ibada zao si za matanga, ni za shangwe. Huko Nigeria, King Sunny Adé aliliingiza gitaa la pedali katika muziki wa juju, likipigwa na Demola Adepoju, na watu wakacheza mpaka alfajiri. Basi hata hilo la kwamba linajua kulia tu ni uzushi. Paul Simon alipotengeneza albamu ya Graceland, iliyotoka mwaka 1986, alimtia Adepoju huyohuyo katika wimbo uliobeba jina la albamu. Mzungu alikwenda kwa Mwafrika kuazima fundi wa chombo ambacho mwenzangu anakiita cha Wazungu.

Nasi tujitazame kiooni. Ganuni, fahari ya taarab yetu, hulazwa kama gitaa lile. Ina nyuzi zaidi ya 70, na kando yake pana vipini vidogo ambavyo mpigaji huvinyanyua na kuvishusha ili kuibadili sauti ya uzi katikati ya wimbo. Tofauti ni kwamba mmoja hutumia vidole na mwingine hutumia magoti. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Fidla nayo ilitoka Ulaya. Tangu Ikhwani Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905, ni nani awezaye kutwambia taarab si yetu? Tukiambiwa hivyo hukasirika, na tuna haki. Basi haki hiyo tusimnyime dereva wa Tunduma.

Kosa la tatu ndilo linaloumiza zaidi: kwamba watu wale "hawana muziki wao". Songwe ulifanywa mkoa mwaka 2016, ukamegwa kutoka Mbeya, lakini watu wake hawakuzaliwa mwaka huo. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka wa Zambia. Wandali na Walambya wa Ileje wametenganishwa na Malawi kwa Mto Songwe tu. Katika nchi hizo jirani iko babatoni: mti mrefu, ngoma ya ngozi, na uzi mmoja. Gasper Nali wa Malawi huilaza, akaugonga uzi kwa kijiti, akatelezesha chupa tupu juu yake, huku mguu ukipiga ngoma. Ni nini hiki kama si ndugu wa gitaa la chuma, tena ndugu asiyehitaji umeme? Mwaka 2017 Madalitso Band ya Malawi ilipanda jukwaa la Sauti za Busara, papa hapa Unguja, na babatoni yake. Tuliipigia makofi. Kumbe sikio letu lajua kusikia likitaka.

Nakubali jambo moja. Gitaa la pedali ni ghali na adimu, na madereva wale ni wasikilizaji tu, si wapigaji. Iko pia hatari kwamba wimbo wa redio utamfunika mpigaji wa kijijini. Lakini dawa ya hatari hiyo si dhihaka. Kijana wa Momba au Ileje anayejitengenezea chombo cha uzi mmoja, akisikia kwetu kwamba kwao hakuna sanaa, atakitupa, na hatutajua kamwe tulichokipoteza. Waandaaji wa matamasha yetu na wahariri wa majarida yetu wapeleke kinasa sauti Songwe kabla ya kupeleka hukumu.

Yule mzee mwenye mvi, wimbo ulipokwisha, alilipa chai yake akarudi katika lori lake. Hakuomba radhi kwa alichokipenda. Radhi tunapaswa kuiomba sisi.