Samaki wa Bondo, mzigo wa Kilindini

Wavuvi wa Usenge na visiwa vya Bondo wanaujua mpaka wa Ziwa Victoria kwa uchungu. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo, Uganda 43, Tanzania 51. Sangara hajui mpaka. Mvuvi anayemfuata ndiye hukamatwa na askari wa Uganda, akanyang'anywa nyavu na mashine ya boti.

Mbona Nairobi haipazi sauti? Wengi husema ni woga. Jibu liko karibu nasi Wapwani kuliko tunavyodhani: liko Kilindini. Hakuna nchi inayopitisha shehena nyingi bandarini Mombasa kama Uganda, na ni soko kubwa la bidhaa za Kenya. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 uliifunga biashara hiyo pamoja. Serikali inayokumbuka jumuiya ya kwanza ilivyovunjika 1977 haitaki kuitikisa hii kwa sababu ya nyavu.

Ndivyo ilivyokuwa Migingo. Mzozo ulipopamba moto mwaka 2009, wapo waliotaka jeshi lipelekwe. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, ambaye kwao ni Bondo, walichagua mazungumzo na upimaji wa pamoja. Vita vikaepukwa, lakini kisiwa kisichofika hata ekari moja hakijapata jibu la mwisho.

Je, jumuiya inamfunga kila mwanachama mikono? Desemba 2023 Uganda iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kuhusu leseni ya kuingiza mafuta. Mwaka 2024 leseni ikatolewa. Uganda haikuvunja ujirani. Iliingia kwa mlango uliopo.

Kenya nayo ina mlango. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Hapo ndipo pa kudai kanuni moja: mvuvi aliyevuka mpaka aonywe au afikishwe mahakamani, vifaa vyake viandikiwe stakabadhi, na ubalozi ujulishwe.

Kudai hivyo si uadui. Mzigo wa Uganda ni riziki yetu Mombasa, nasi tunautaka uendelee kupita. Lakini isiwe mwenzetu wa Bondo ndiye anayelipia kimya hicho.